Kabla mkasi haujashuka: ninavyonunua nyuzi na vitambaa Kariakoo

Muuzaji alikuwa ameshaokota mkasi. Krepu ya rangi ya zambarau imetandazwa juu ya meza, mimi nimeshasema "nikatie mita nne", pesa iko mkononi. Kilichonishtua ni kidole gumba chake. Alikuwa akipima kwa rula ya mita iliyopigiliwa kwenye ukingo wa meza. Kila alipomaliza mita moja alibana kitambaa kwa gumba akakirudisha mwanzo wa rula, na kila mara lile gumba liliteleza nyuma kama upana wa vidole viwili. Likiteleza mara moja, utasema bahati mbaya. Mara nne, hapo mtu keshapoteza kola na mifuko.

"Kaka yangu," nikamwambia, "hebu tuanze tena, nami nishike huu upande."

Akacheka. "Mama, huniamini?"

"Wewe nakuamini. Gumba lako ndilo lina haraka."

Tukaanza tena. Mita nne za safari ya pili zilipita pale alipokuwa ameweka chaki kwa karibu shubiri nzima. Akakata, nikalipa, tukaagana vizuri. Nimerudi kwake mara nyingi na gumba limetulia.

Nimeanza na hilo kwa sababu maduka yetu haya yana kanuni moja, mara nyingi imeandikwa kwa kalamu nzito kwenye kipande cha boksi kilichobandikwa ukutani: mali ikishakatwa hairudishwi. Sina ugomvi nayo. Kitambaa cha mita tatu na robo ulichokikataa wewe, nani mwingine atakitaka? Lakini maana yake ni kwamba maswali yako yote, kugusa, kunusa, kupima na kuvutana bei, vinatakiwa viishe mkasi ukiwa bado mezani. Kwenye nyuzi hakuna mkasi, ila kuna kitu kinachofanana nao, nitakifikia.

Mimi nafuma na kushona nyumbani, Tabata. Sweta, kofia na soksi za vichanga ndizo zinazonilipia umeme. Nyingi zinapanda basi kwenda Njombe, Mbeya na Lushoto ambako baridi si ya mzaha, ingawa hata hapa Dar mtoto hatolewi wodini bila kofia ya kufuma, jua liwe kali namna gani. Mama ndiye aliyenifundisha. Sindano zangu za kwanza zilikuwa spoku za baiskeli, alizinoa ncha kwenye sakafu ya saruji mpaka zikawa hazikwami. Kwa hiyo ninayosema hapa ni ya mtu anayenunua kidogo kidogo, kila wiki mbili, kwa pesa yake mwenyewe. Mwenye oda ya kontena ana mambo yake.

Kabla ya kupanda daladala

Usiende Kariakoo na rangi kichwani. Kichwa hudanganya. Nenda na kipande: pindo lililokatwa la sketi unayotaka kuitafutia blauzi, au uzi wa urefu wa kidole kutoka kwenye sweta unayoimalizia. Ukisema "nataka bluu ya bahari" utaletewa bahari kumi na mbili.

Kwenye mkoba wangu kuna futi ya fundi, ile laini ya sentimita 150, leso nyeupe ya pamba, chupa ya maji ambayo nitainywa pia, na kiberiti. Kuna na mfuko wa kitambaa, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na ile ya kuuziwa pale inachanika ukifika kituoni. Msimu wa masika naongeza mfuko wa pili ndani ya huo. Uzi ukilowa maji ya barabarani una harufu ambayo sabuni haiitoi haraka.

Kama kuna fundi atakayekushonea, muulize swali lake kwa namna hii: "Kwa upana wa inchi 45 nahitaji kiasi gani, na kwa inchi 60 nahitaji kiasi gani?" Watu wengi huuliza "gauni linakula mita ngapi" wakajibiwa namba moja, wakafika dukani wakakuta kitambaa chembamba. Inchi 45 ni kama sentimita 114, na 60 ni kama 152. Kwenye kitambaa kipana, mbele na nyuma ya gauni la mtu wa wastani vinaweza kukaa ubavu kwa ubavu. Kwenye chembamba vinapangwa kimoja chini ya kingine, na mita zinaongezeka. Jibu la fundi liandike kwenye simu. Ukifika pale kelele zitakusahaulisha.

Na ujue yadi si mita. Bibi yangu alikuwa akisema wari. Ni yadi hiyo hiyo, kama sentimita 91. Kwenye mita moja tofauti haionekani. Kwenye kumi, aliyekupimia kwa yadi akakutoza kwa mita amebaki na karibu sentimita 86 zako. Kabla ya kuulizia bei uliza kipimo: "Hii ni kwa yadi au kwa mita?"

Ukishashuka

Asubuhi, siku ya kazi, kati ya saa tatu na saa tano. Wiki za mwisho kabla ya Idi na kabla ya Krismasi sikanyagi, labda oda iwe ya kufa na kupona: meza zimejaa, muuzaji hana muda wa kukukunjulia jora, na ukimwomba utoke na kitambaa mlangoni ukione kwenye mwanga anakutazama kama mwizi. Ijumaa adhuhuri baadhi ya maduka hufunga kwa ajili ya swala, panga ratiba yako.

Utakutana na mawinga kabla hujakutana na duka. Winga ni kijana anayesimama njiani, anauliza "mama unatafuta nini, nikupeleke", na akikufikisha dukani bei yako inaongezewa cha juu chake. Watu wanawasema vibaya sana. Mimi nasema ni suala la kujua unalipia nini. Kama ni mgeni na unatafuta zipu ya shaba ya sentimita 70 rangi ya kahawia, winga atakuokolea saa mbili za kuzunguka na jua, na cha juu chake ni halali yake. Kubaliana naye mapema, umpe wewe mwenyewe mkononi, mwambie dukani akae nje. Kama unajua unakokwenda, jibu ni fupi: "Nimeshaagiza, mwanangu, nafuata mzigo." Anakuacha hapo hapo, ana wateja wengine.

Kwa kanga na vitenge naanzia Mtaa wa Uhuru, upande wa Mnazi Mmoja, ambako maduka yamepangana na majora na doti zimening'inia mpaka mlangoni. Vitambaa vya gauni na suti, bitana, vifungo na nyuzi, naingia ndani ya Kariakoo yenyewe. Sitakutajia duka. Maduka hufa, huhama, hubadilisha wenyewe. Jicho lako ndilo utakaloondoka nalo.

Nyuzi za kufumia

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko nilikopigwa zaidi.

Donge zuri la uzi lina karatasi kiunoni, na karatasi ile ni cheti cha kuzaliwa. Soma vitu vinne. Cha kwanza umetengenezwa na nini: pamba, sufu, akriliki, au mchanganyiko na kwa asilimia ngapi. Nyingi utakazokuta kwetu ni akriliki, na haina ubaya, inafulika na haipauki haraka. Ila pasi ya moto ikiigusa inalala chali na hainyanyuki tena. Cha pili ni uzito na urefu. Watu wanaangalia uzito peke yake: gramu 100 na gramu 100, basi ni sawa. Si sawa. Donge moja la gramu 100 linaweza kuwa na mita 300 na jingine mita 180, kwa sababu moja ni jembamba na jingine ni nene. Unachofuma ni mita. Kama sampuli yako, yale maelekezo unayofumia, inasema mita 600, madonge mawili ya lile la kwanza yanatosha, la pili utahitaji manne. Ndipo ulinganishe bei.

Cha tatu ni ukubwa wa sindano, umechorwa sindano mbili zimepishana au ndoano ya kroshia na namba ya milimita pembeni. Sindano za dukani wakati mwingine zina namba za mfumo mwingine. Namba 8 ya Wamarekani ni milimita 5, wala si 8. Ukinunua sindano, nunua kwa milimita.

Cha nne ndicho ule mkasi wa kwenye nyuzi. Ni namba ya loti, tarakimu ndogo zilizogongwa kama mhuri, aghalabu karibu na namba ya rangi. Kiwanda kinapika rangi kwa mafungu. Fungu la leo na la mwezi ujao yanaitwa jina moja na hayafanani.

Nililijua hilo kwa kuumia. Nilipata oda ya mapacha, sweta mbili, kofia mbili na blanketi moja, vyote vyeupe. Nilinunua madonge sita, nikajidai nimekadiria. Blanketi likafika theluthi mbili uzi ukaisha. Nikarudi dukani kule kule, jina la uzi lile lile, nyeupe ile ile, nikachukua mawili. Nilifuma usiku chini ya taa, nikamaliza saa saba, nikalala na furaha. Asubuhi nililitandika kitandani dirisha likiwa wazi. Juu maziwa ya mtindi, chini karatasi ya daftari, na mstari katikati kama mtu aliyepiga rula. Nikatoa karatasi za madonge kwenye takataka nikazilinganisha. Loti mbili. Nilifumua mikono ikitetemeka kwa hasira, na mwenye kosa nilikuwa mimi, muuzaji hakuwa amenificha kitu.

Kwa hiyo sasa: nikishachagua rangi, nayatoa madonge yote kwenye meza na kusoma loti moja baada ya nyingine, mbele ya muuzaji. Wengine wananuna. Nayachukua yote ninayohitaji siku ile ile na moja la ziada, halafu nauliza kabla ya kulipa: "Dada, hili moja likibaki bila kufunguliwa, nikirudisha ndani ya wiki mbili utanibadilishia?" Wengi wanakubali, kwa kubadilisha na si kurudisha pesa. Nikishalipa ndipo nikaanza kuuliza, jibu huwa tofauti.

Na ikitokea umebanwa na loti mbili, usiziunge juu na chini kama nilivyofanya. Fuma safu mbili za uzi huu, safu mbili za ule, zipishane kazi nzima, jicho litazichanganya. Au ule wa pili uufanye mapindo na kola peke yake, ionekane ulikusudia.

Mkono nao una kazi yake. Uzi wa mtoto usiupime kwa vidole, vidole vyetu vimekomaa kwa sabuni na mwiko. Uweke shingoni, chini ya sikio, uuzungushe mara mbili. Ukiwasha pale kwa dakika moja utamwasha mtoto usiku kucha. Kisha usugue kati ya viganja kama unayepata baridi. Unaotoa vipele na vinyweleo hapo dukani, baada ya kufuliwa mara tatu utafanana na paka aliyenyeshewa.

Nyuzi za koni zinazouzwa kwa kupimwa uzito hazina karatasi. Ni nafuu na ninazitumia kwa vitambaa vya makochi na mazulia ya mlangoni, lakini hapo omba koni nzima moja kuliko nusu mbili. Na hakikisha mizani imeanzia sifuri.

Kuna muuzaji mmoja wa nyuzi ninayemwendea kwa muda mrefu sasa, mama mtu mzima. Siku ya kwanza nilikuwa nimeshika madonge ya waridi, bei yake imenipendeza, nakwenda kulipa. Akayatazama, akauliza, "Ya nani haya?" Nikamwambia ni ya kichanga. Akanipokonya. "Haya yanawasha, mwanangu. Weka pale, chukua yale ya chini." Yale ya chini yalikuwa na bei ndogo kuliko niliyoyashika. Yeye mwenyewe alikuwa na kazi mapajani, soksi ya kijani imefika kisigino, na pembeni ya kila boksi la uzi amefunga kipande alichokifuma ili mteja aone uzi ukishafumwa unakaaje, maana uzi wa rangi tatu ndani ya donge una sura moja na ndani ya sweta una nyingine. Tangu hapo nikiingia duka nisilolijua, natafuta kama kuna mtu nyuma ya meza anayefuma. Akiwepo, ninauliza maswali. Asipokuwepo, nasoma karatasi tu.

Vitambaa vya jora

Neno "pamba" midomoni mwa wauzaji lina maana pana sana. Kila kilicho laini ni pamba. Mimi naomba nyuzi chache kutoka kwenye ncha ya jora, pale alipokatiwa mteja aliyepita, nachomoa tatu nne bila kuharibu kitu. "Mzee wangu, naomba nichome hizi hapo nje." Hajawahi mtu kunikatalia nikiomba kwa adabu. Nachuchumaa kando ya mfereji, nazisokota pamoja, napiga kiberiti. Pamba inashika moto kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake ni ya kijivu, ukiyagusa yanapeperuka. Poliesta inajikunja ikiukimbia moto, inanuka plastiki, na inaacha tone jeusi gumu usiloweza kulivunja kwa kucha. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Ukipata majivu na vitone kwa pamoja, ni mchanganyiko, na mara nyingi huo ndio ukweli. Mchanganyiko haujanikera hata siku moja, sare za shule zinadumu kwa sababu yake. Kinachonikera ni kuulipia bei ya pamba tupu, halafu gauni la Desemba linanichemsha kama dagaa.

Jaribio jingine halihitaji moto. Finya kona ya kitambaa ndani ya ngumi, hesabu mpaka kumi, fungua. Kikibaki kimekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa, utakuwa unapiga pasi kila siku, amua kama unaweza. Kivute upana na urefu uone kama kinarudi mahali pake. Kisha kishike juu ya mkono wako mbele ya mwanga: ukiona vidole vyako vyote vitano na pete, ongeza bei ya bitana kwenye hesabu yako kabla hujafurahia unafuu.

Rangi usiiamini ndani ya duka. Zile taa nyeupe za dari zinaifanya nyeusi iwe nyeusi kweli kweli, ukitoka nje unakuta ni bluu iliyokolea au kahawia. Mpe muuzaji mkoba wako aushike kama rehani, toka na ncha ya jora mpaka kizingitini, weka kipande chako juu yake. Kipande kikipotea machoni, ndiyo hiyo. Ukikiona, endelea kutafuta.

Leso nyeupe ndiyo ya kujua kama kitambaa kinachuja. Ilowanishe kidogo, sugua mahali pasipoonekana mara ishirini. Leso ikitoka na rangi, jua kitachuja, hasa nyekundu, bluu ya wino na nyeusi. Siku hizi sishoni chochote cha rangi mbili kabla ya leso. Niliwahi kumshonea mtu gauni la kitenge chekundu na kola nyeupe, akalifua mara moja, akaniletea kola ya waridi kwenye mfuko bila kusema neno. Nilirudisha pesa, na kitenge nilinunua mwenyewe tena.

Pamba hurudi. Kitambaa ukikiosha mara ya kwanza kinapungua urefu, na kama kilishashonwa gauni ndilo linalopanda magotini. Nunua robo mita zaidi, loweka, anika, piga pasi, ndipo umpelekee fundi.

Vitenge na kanga

Kitenge kigeuze kabla ya kukipenda. Chenye rangi nzito mbele na nyuma karibu sawa kimepikwa vizuri, kilichopauka nyuma kimepigwa chapa upande mmoja, na bei yake ishuke. Pea tunaihesabu yadi sita, yaani kama mita tano na nusu. Hesabu. Nimeshakutana na pea za yadi tano na kidogo zilizokunjwa kwa ustadi mkubwa, karatasi ya kampuni imegandishwa juu inang'aa. Fungua, shika futi, pima.

Kama ni sare ya harusi, nunua zote siku moja, pamoja na za yule shangazi anayesema hana uhakika kama atakuja. Atakuja. Na atakuja siku nne kabla, wakati mchoro ule umekwisha mjini na uliobaki una ua la manjano mahali pa chungwa. Kwenye picha yeye ndiye atakayeonekana kwanza.

Kanga inauzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, unakata na kupinda mwenyewe. Tazama kama mji, ile sehemu ya ndani inayozungukwa na pindo, umekaa katikati na pindo ziko sawa pande zote nne. Chapa ikikimbilia upande mmoja, hakuna namna ya kuipinda ikanyooka. Tazama vipande vyote viwili, wengi huangalia cha juu. Ile kukakamaa kwake ni wanga, kutaondoka ikifuliwa, kwa hiyo usipime uzito wa kanga kwa ukakamavu. Iinue kwenye mwanga uone nyuzi zimebanana au zimeachana kama chandarua. Mama yangu alikuwa haangalii hata kimoja katika hivyo, alikuwa akitafuta nembo ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968, akishaiona anafungua pochi. Zama zake ziliruhusu.

Na soma jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Najua unaona kichekesho, lakini simama usome herufi kwa herufi. Jirani yangu alimpelekea mama mkwe wake doti nzuri sana, zambarau na manjano, akapiga magoti akamkabidhi mbele ya mawifi. Mama mkwe akaikunjua: UMDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Jirani aliapa alipenda rangi tu. Aliaminiwa na baba mkwe peke yake.

(Ukifika Mombasa, Mtaa wa Biashara, omba leso. Ukisema kanga wanakuelewa, ila wanajua umetoka wapi na bei inajua pia.)

Vidogo vidogo

Zipu ifungue na kuifunga mara tano, ikikwama mara moja iache. Lastiki ivute mpaka mwisho uiachie, isirudi na mawimbi. Uzi wa cherehani ukatike kwa kishindo ukiuvuta, ule unaokatika kimya kama tambi umelala stoo miaka. Vifungo hesabu wewe, kisha ongeza kimoja.

Bei

Uliza bei ya jumla inaanzia pisi ngapi. Mara nyingi ni tatu, au pakiti nzima, na mimi na mwenzangu wa Segerea tunaungana, tunafikisha, tunagawana nje. Ukiingia wewe ndiye mteja wa kwanza asubuhi una nguvu ambayo saa sita hutakuwa nayo, kwa sababu wapo wasiotaka mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu.

"Niungishe, mama, sijauza hata shilingi."

"Nikuungishe kwa elfu kumi na mbili."

"Kumi na nne, maongezi yapo."

"Kumi na mbili na nusu, nachukua na bitana yake hapa hapa."

Hapo anageuka kutafuta mfuko, na mkataba umeshafungwa. Ninachokikwepa ni kubembeleza bei ya kitu ambacho sijaamua kukinunua. Ukimshusha mtu mpaka chini halafu ukasema "nitarudi", siku utakayorudi kweli atakukumbuka. Kulipa natumia lipa namba, inaniachia kumbukumbu ya siku na kiasi, na naomba risiti hata ya vifungo. Mara mbili risiti ndiyo iliyonisaidia kubadilishiwa zipu mbovu.

Ukifika nyumbani

Usiku ule ule, kabla ya kupumzisha miguu, pima tena kila kitambaa. Ukikuta pungufu, kesho asubuhi bado muuzaji anakukumbuka. Wiki ijayo umekuwa mtu mwingine. Kisha mimi nina daftari la shule, kurasa mia mbili. Kila ninachonunua nakata kona ndogo au nachukua uzi wa kidole, naubana kwa pini pamoja na karatasi yake ya loti, naandika tarehe, bei, kiasi na mtaa. Mteja akirudi baada ya mwaka akitaka kofia ya kufanana na sweta, naondoka na ukurasa.

Ule wa krepu ya zambarau bado upo. Kipande kimepauka kidogo pembeni. Chini yake nimeandika: mita 4, bitana 2, gumba.